Mkwe Aliyekataa Maji

Kwetu pande za Kinango, mtu akikataa maji hatumwulizi kwa nini. Tunamshukuru. Maji yenyewe tunayafuata na punda mpaka lambo, na lambo likikauka tunakwenda kupanga madumu kwenye bomba, ambalo nalo hutoa maji siku likijisikia. Kwa hiyo baba mkwe wangu, Mzee Mwinga, alipoanza kurudisha kikombe akiwa ameonja tu na kusema, "Wapeni mbuzi, mimi nimetosheka," kijiji kizima kilimsifu. Alikuwa mfugaji tangu utotoni, na mfugaji wa kweli hunywa baada ya mifugo yake. Mhubiri wa kanisa letu alimtaja kwenye mahubiri. Mimi nami kila aliyekuja kumtazama mgonjwa nilimsimulia kwamba mzee huyu, hata kitandani, bado anawaonea huruma wanyama. Wakatikisa vichwa wakisema wazee wa namna hiyo wamekwisha.

Mimi ni Kanze, mke wa Garama, mtoto wa pekee wa Mzee Mwinga. Hata sasa ninapolitaja jina la mzee naona haya kidogo, kwa sababu kwetu mkazamwana hamwiti baba mkwe kwa jina. Hakai kitandani kwake. Haingii chumbani anamolala, na mkono wake haugusi mwili wa mkwewe, sembuse kumvua nguo. Wageni wakisikia hudhani ni chuki. La, ndiyo heshima yenyewe, na kwa miaka yote niliyokaa katika boma lile heshima hiyo haikuwahi kunielemea. Yeye aliketi upande wake wa uwanja, mimi upande wangu, tukasalimiana kila asubuhi na kupeana habari za mvua isiyokuja. Tulipendana hivyo.

Kisha akaugua. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kupanda mpaka mifupa ya mgongo. Madaktari wa Mombasa walimtibu kwa kadiri walivyoweza, halafu wakatuambia dawa za kuiondoa zimefika mwisho, zilizobaki ni za kumpunguzia maumivu. Tukarudi naye nyumbani. Miguu ikaanza kulegea, na baada ya muda ikakataa kabisa kumpeleka chooni.

Mwanzoni hatukupata shida, kwa kuwa Garama alikuwepo. Yeye ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, na hoteli ilikuwa imefungwa kwa sababu ya kipindi cha wageni wachache. Kila asubuhi alimwosha baba yake, akambadilisha shuka, akampaka mafuta. Mimi nilipika uji na kuuacha kizingitini. Kisha hoteli ikafunguliwa, na mtu mwenye kazi haombi ruhusa mara mbili siku hizi. Garama akaondoka, na nafasi yake akamwachia Mzee Dzombo.

Dzombo ni jirani yetu, rika moja na mzee, na mtani wake. Hao wawili wametukanana tangu wakiwa wachunga mbuzi na hakuna aliyewahi kukasirika. Ana moyo mkubwa na mikono inayotetemeka. Siku ya tatu hivi nilisikia kishindo, nikakimbia mpaka mlangoni nikasimama papo hapo, maana nisingeweza kupita.

"Kanze, usiingie!" Dzombo alipiga kelele. "Mkweo hana nguo, na mimi sina nguvu!"

Walikuwa wameanguka wote wawili. Nikasikia mzee akisema, "Niondolee goti lako tumboni, mchawi wewe," na Dzombo akimjibu kwamba goti ni lake lakini tumbo ndilo lililolifuata. Walikuwa wakicheka na kugumia kwa pamoja. Nilikimbia shambani kuita wanaume, nao wakaja wakawainua. Baada ya hapo Dzombo aliendelea kuja kila siku, lakini kuzungumza tu. Jirani mmoja aliahidi kusaidia, akawa anakuja akikumbuka. Siku nyingine mzee alikaa kama alivyoamka mpaka jua likazama. Sikuwa nikiambiwa, na hakuna aliyetaka niambiwe.

Ndizo siku alizoanza kuwaonea mbuzi huruma.

Kilichonifumbua macho ni kuku. Nilianza kuona kwamba kila nikipeleka chai, kuku wote wa boma wananifuata, kisha wanakwenda kujipanga nyuma ya nyumba chini ya dirisha la mzee. Nikadhani anawatupia makombo. Asubuhi moja nilikuwa huko nyuma naanika nguo, nikaona mkono umetoka dirishani na kikombe, ukakipindua taratibu. Chai yote ikamwagika chini, chai ya maziwa niliyomkamua mbuzi mwenyewe kwa ubembelezi. Kuku wakairukia.

Hasira zilinipanda mpaka utosini. Angekuwa mtu mwingine ningemwita kwa majina yake yote. Lakini ni mkwe, nikameza. Nikabaki nimeshika shuka mbichi mkononi, na kadiri nilivyosimama ndivyo hasira ilivyogeuka kuwa hofu. Mtu anayewahurumia mbuzi hamwagi chai mchangani. Kwetu hata maji ya kuoshea vyombo yana pa kwenda, kuna mche wa mpapai unayasubiri. Kama si huruma, basi ilikuwa kitu gani?

Nilikwenda kwa Dzombo. Nilimwambia, "Baba, mimi siwezi kumwuliza. Wewe ni mtani wake, mwulize, nami nitakuwa naanika nguo."

"Umefua nguo nyingi siku hizi," akasema, akachukua fimbo yake.

Niliketi chini ya dirisha pamoja na kuku. Dzombo alianza kwa matusi kama kawaida, akamwuliza kama bado hajafa ili yeye achukue ile kofia nzuri. Kisha nikasikia kiti kikivutwa.

"Mwinga, hebu niambie. Unaogopa kikombe, au unaogopa kukojoa?"

Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anayejigeuza.

"Nakuuliza, wewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Nikinywa, nitalowa," mzee akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa kavu, maneno yanakwaruzana. "Nikilowa, atanibadilisha nani? Wewe ulishanidondosha. Nimlazimishe mtoto wa watu aingie humu anione nilivyo? Aje atoke na macho yake ameyainamisha, na mimi nimtazame vipi tena? Afadhali kiu."

"Na dawa ya maumivu je?"

"Dawa ile inakausha tumbo. Nesi alisema niinywe na maji mengi. Basi naipunguza."

"Kwa hiyo unaumwa."

"Naumwa, Dzombo. Naumwa mno."

Niliziba mdomo kwa shuka nikalia. Sikulia kwa kujilaumu, nililia kwa uchungu wa kusikia mzee mzima, mwenye boma lake na mifugo yake, anakauka kidogo kidogo upande wa pili wa ukuta wangu kwa sababu ya kunitunzia mimi heshima. Alikuwa akinistahi mpaka kufa.

Nesi Eunice alikuwa akija kutoka Kwale kila baada ya muda kuwatembelea wagonjwa wa aina hii majumbani. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa Eunice msemo huo nauamini, Mungu ampe maisha marefu. Safari hiyo sikumwacha hata afunge mlango wa gari. Nilimweleza yote, ya kuku na ya dirisha na ya kiu. Akaingia chumbani, akakaa sana. Alipotoka alikuwa ameinamisha uso.

"Ulimi wake umepasuka," akasema. "Kanze, nyumba hii inampenda, lakini haina mkono wa kumgusa."

Ndipo akanieleza kuhusu nyumba iliyoko Msambweni, ambayo wao huiita hospisi. Si hospitali ya kufanyiwa upasuaji, akasema, wala hawahangaiki tena kuiondoa saratani. Kazi yao ni kumwondolea mgonjwa maumivu, kumgeuza, kumsafisha, na kumfanya aishi vizuri siku alizo nazo.

"Kwani anakufa sasa?" nikauliza.

"Atakufa kwa ugonjwa huu, sitakudanganya. Lakini hospisi hatumpeleki mtu kwa sababu anakata roho leo. Tunampeleka pale nyumbani panaposhindwa kumpa anachohitaji. Maumivu yakiwa hayashikiki. Au akiwa hana wa kumwinua. Au wanaomtunza wakiwa wamechoka wenyewe. Wengine wanakaa majuma machache, wakitulia wanarudi kwao. Wengine wanabaki mpaka mwisho. Na nyinyi mnakuja mnapotaka."

"Mwanamume anaoshwa na mwanamume?"

"Ndiyo."

"Hakika?"

"Kanze, hakika."

Sikuhitaji kusikia zaidi. Lakini kuhamisha mgonjwa kwetu si kama kuhamisha mbuzi. Nilimpigia Garama simu, naye akaanza kugugumiza. Alisema ni jambo zito, alisema watu watasemaje, baba kupelekwa kwa wageni na yeye ana mwana na mkazamwana.

"Watu hao," nikamwambia, "hakuna hata mmoja aliyekuja kumgeuza. Wakitaka kusema, waje waseme wakiwa wameshika beseni."

Garama akasema anaitwa jikoni, akakata simu. Ni mume mwema, ila ukweli humfikia polepole. Jioni alinipigia akasema, "Zungumzeni naye. Akikubali, nitaomba ruhusa."

Shangazi Kadzo hakungoja kupigiwa simu. Huyu ni dada wa mzee, ameolewa Mkongani, na habari humfikia kabla hazijatokea. Alifika amejifunga leso kiunoni kabla hata hajaketi.

"Ati nimesikia nini? Mkazamwana tuliyemtolea mahari ndiye anayetoa wazee bomani siku hizi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sitaki shikamoo yako, nataka jibu. Baba yake kazikwa nyuma ya zizi lile, na babu yake. Leo yeye akafie kwa watu wasiomjua, kwa kuwa wewe umechoka kupika uji?"

Ningeweza kumjibu. Nina ulimi wangu, Garama atakuambia. Lakini jibu lenyewe ndilo lililokuwa haliwezi kutajwa. Nimwambie shangazi kwamba kaka yake analowa, na kwamba anakunywa matone ili asilowe? Aibu ile mzee alikuwa akiilinda kwa uhai wake, mimi ni nani niimwage uwanjani mbele ya kuku na majirani? Nikainama nikafagia. Akaniona nimekosa la kusema, akaamini alichokuja nacho.

Maneno yake hata hivyo hayakuninyima usingizi, tumeyazoea. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba mzee ataondoka katika boma lake akidhani nimemchoka, na atakufa na fikira hiyo. Na sikuwa na njia ya kumwambia vingine. Kumweleza kwa nini nataka aende kungekuwa kumwambia kwamba najua, na nikishajua, ile haya aliyoikaukia ingekuwa imeporomoka yote. Nilikuwa nimefungwa na heshima ileile iliyomfunga yeye.

Basi Dzombo akapeleka ujumbe. Alirudi uwanjani akiwa amepoa, si Dzombo ninayemjua.

"Nimemweleza habari za nyumba ile. Akaniuliza swali moja tu. Akauliza, 'Kanze anasemaje?'"

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, mwanangu? Nimemwambia Kanze anasema uende."

"Naye?"

"Akageukia ukutani. Kisha akasema, 'Sawa. Nitakwenda.'"

Siku ya safari wanaume walimtoa kwa shuka, wakiishika pembe nne. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango kama ipasavyo. Walipompitisha mbele yangu nilimwambia, "Safari njema, baba." Alikuwa amefumba macho. Sijui kama alikuwa akiumwa au hakutaka kuniona. Gari la hospisi likashuka na njia ya Kwale, Garama akiwa ameketi kando yake, nami nikabaki na mbuzi, na kuku waliokuwa bado wanakwenda kukaa chini ya lile dirisha. Sitaki kukumbuka niliyojisemea siku ile.

Habari nilizopata baadaye zilikuwa za Garama, na mume wangu akitumwa habari huleta nusu. "Yuko salama." Anakula? "Anakula." Anasemaje? "Hasemi kitu, yuko salama tu." Ningepata zaidi kwa kumwuliza punda.

Kisha Shangazi Kadzo akatokea tena, safari hii akiwa na gari la mkwewe wa Kombani. Alikuwa amekwisha kuamua. Tunakwenda Msambweni, tunamchukua Mwinga, tunamrudisha nyumbani kwake, na mimi nitakwenda pamoja naye ili nimwombe radhi kwa kinywa changu. Niliingia garini bila kubisha. Mkononi nilikuwa na kikapu cha mahamri, na nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi ya kupiga magoti.

Nyumba ile si kubwa. Ina baraza ndefu, minazi michache, na vyumba vyenye madirisha mapana. Nilitarajia harufu. Hapakuwa na harufu ila ya sabuni na samaki wa kupaka anayepikwa mahali fulani. Alitupokea mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kiua, akasema anaitwa Jaafar na ndiye anayemhudumia mzee.

"Karibuni sana. Shikamoo, mama. Mzee alikuwa akiwataja tangu jana."

"Marahaba," Kadzo akasema. "Tumekuja kumchukua."

"Inshallah," Jaafar akajibu kwa upole. "Nendeni mkamsalimu kwanza. Yuko barazani."

Sikumtambua papo hapo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, amenyolewa ndevu, amevaa shati jeupe na kikoi kilichopigwa pasi. Ngozi yake ilikuwa inang'aa mafuta. Alikuwa amekonda, tena zaidi ya alipoondoka, na yeyote angeona kwamba hana muda mrefu. Lakini uso ulikuwa umetulia. Ile mistari ya maumivu kwenye paji, iliyokuwa imekaa miezi, ilikuwa imelegea.

Kadzo alianza kulia kabla hajafika. Akalia, akalalamika, akamwambia nyumba iko wazi, makaburi ya baba zake yako peke yake, aliyemfukuza huyu hapa nimemleta, aseme neno moja tu na gari liko nje. Alisema mengi. Nami nilikuwa nimepiga magoti mbali, pale ambapo mkazamwana hupiga magoti, macho chini.

Nikayainua, kwa sababu nilisikia mlio wa maji.

Mzee alikuwa na bilauri mkononi. Alikuwa akimsikiliza dada yake na huku anakunywa. Hakuonja akarudisha. Alikunywa mpaka chini, koo likipanda na kushuka, kisha bila kugeuka akainyoosha bilauri kando, na Jaafar akamjazia kutoka kwenye jagi, akaichukua akaendelea. Kadzo hakuliona hilo. Angelionaje? Kwake ni mtu anakunywa maji. Mimi nilitaka kusimama nipige vigelegele katikati ya lawama zake.

"Kadzo," mzee akasema alipopata nafasi. "Keti."

"Siketi, nimekuja—"

"Keti, umechoka kusimama na mimi nimechoka kukutazama juu."

Akaketi.

"Mengine siwezi kukueleza, wewe ni dada yangu. Nitakuambia yanayosemeka. Kule nyumbani nilikuwa na haya na mkwe wangu, na mkwe wangu ana haya na mimi. Haya mbili zikikaa nyumba moja, mgonjwa atateseka katikati na hakuna wa kumlaumu. Hapa sina mkwe. Nina Jaafar. Ananiosha huku ananibishia habari za ng'ombe, wala hajui chochote kuhusu ng'ombe. Maumivu yamepungua. Nalala."

"Na ukifia hapa?"

"Nikifia hapa mtanirudisha. Kaburi langu liko palepale nyuma ya zizi, halijahamia Msambweni."

Kadzo akafuta macho kwa ncha ya leso. "Kwa hiyo hukufukuzwa?"

Mzee akampa Jaafar bilauri. "Nilidhani nimefukuzwa," akasema. "Sitaficha. Nilitoka kwangu na kinyongo moyoni, nikafumba macho nisimwone. Siku ya kwanza hapa Jaafar alinipa maji, nikanywa, na yaliyotokea yakatokea, akayamaliza bila neno. Nilipolala safi nikajiambia, huyu mtoto alijua; asingejua, asingetaka niletwe kwa mwanamume wa kuniosha. Alijua, akatukanwa na nyinyi, na hakufungua kinywa kusema siri yangu. Wewe ulimtukana, Kadzo?"

"Nilimtukana," shangazi akasema, akiangalia kwingine.

"Na hakukuambia?"

"Alikuwa anafagia."

Mzee akacheka, kicheko chembamba, akashika ubavu. Kisha akaniita. Hakuniita mke wa Garama kama alivyozoea. Aliniita mwanangu.

"Mwanangu, sogea."

Nikasogea kidogo.

"Sogea zaidi. Sina meno ya kukuuma."

Nikasogea mpaka magurudumu ya kiti. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo tangu niolewe. Nilisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye mikono yake, na moyo ulikuwa ukinidunda kama wa msichana anayeposwa.

"Lete viganja."

Kadzo akavuta pumzi. Nikavinyoosha viganja vyote viwili, vikiwa vimefunguka. Mzee akainama polepole, Jaafar akimshika bega, akasema maneno yake. Akawaita baba zake kwa majina, akamtaja Mungu. Akasema, "Uzeeke. Watoto wako wazeeke mbele yako. Na siku utakapolala usiweze kuinuka, usikose mtu wa kuijua kiu yako." Kisha akanitemea mate ya baraka viganjani, mara moja, na tena, kama wazee wafanyavyo.

Yalikuwa mengi. Yalijaa katikati ya viganja na mengine yakachuruzika kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa nikilia na kucheka, siwezi kupangusa macho wala pua, maana mikono ilikuwa imeshika baraka.

Shangazi Kadzo alichungulia juu ya bega langu.

"Mwinga!" akasema. "Mate yote hayo umeyatoa wapi?"

"Si nakunywa maji," mzee akasema.